Hakuna Kitu Gani?

Kwetu, upande wa Bungoma, mwanamume haketi chumba kimoja na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja husimama kando, uso pembeni, mpaka mwenzake apite. Siku hizi wako waliolegeza, hasa hapa Eldoret ambako nyumba ni ndogo na watu wamechanganyika, lakini mama mkwe wangu si mmoja wao, na mimi sikuwahi kumwomba alegeze. Kwa miaka yote ya ndoa yangu utaratibu huo haukunisumbua. Yeye alikaa kwake, mimi nikakaa kwangu, tukasalimiana kupitia kwa binti yake. Utaratibu huo ulikuja kunisumbua mke wangu alipopata uvimbe shingoni.

Aliugundua kwa sababu ya kola. Alikuwa anavaa sare ya kwaya, ile blauzi nyeupe inayofungwa kifungo hadi juu, na kifungo cha mwisho kikakataa. Alidhani amenenepa. Nikamwambia ageukie dirisha, nikaona kitu kikipanda na kushuka shingoni kila alipomeza mate, upande wa kulia, ukubwa wa mbegu ya parachichi. Hakikumuuma. Nilitamani kingemuuma, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba vitu vibaya mara nyingi huanza bila maumivu.

Nasema nilisoma kwa sababu shule yangu iliishia darasa la nane. Kilichobaki nimejitafutia mwenyewe, katika vitabu vya mtumba vinavyouzwa kando ya barabara mjini. Mimi ni fundi wa mizani. Natengeneza mizani za wanunuzi wa mahindi, za mabucha, za wauza viazi, na mara chache mizani ndogo za vioo kutoka maabara za chuo kule Chepkoilel. Kazi hii nilijifunza kwa kusoma vijitabu vinavyokuja na mashine, nikiwa na kamusi magotini. Kwa hiyo mke wangu alipopata uvimbe nilifanya ninachofanya siku zote. Nilitafuta kitabu. Nilipata cha baiolojia ya sekondari na kingine kizito cha wauguzi, kisicho na jalada, nikasoma kila ukurasa uliotaja tezi ya shingo. Kilisema uvimbe mwingi wa tezi hiyo si saratani. Neno "mwingi" lilinikaa vibaya. Katika kazi yangu, mizani inayosema kweli mara nyingi ni mizani mbovu.

Hospitalini walimchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, wakavuta, wakapaka walichovuta juu ya vipande vya kioo, wakasema watampigia simu. Tukarudi nyumbani Kimumu. Siku chache baadaye mama mkwe wangu akafika, na mfuko wa njugu na kuku aliyefungwa miguu, kuja kumwangalia mtoto wake.

Hangeweza kulala kwangu. Jirani wa ploti yetu, mama wa huko huko kwetu, alimpa chumba chake cha mwisho kilichokuwa hakina mpangaji. Mchana alishinda nyumbani kwangu wakati mimi niko kazini na mke wangu yuko katika shule ya chekechea anakofundisha. Niliporudi jioni nilikohoa nikiwa getini. Akisikia kikohozi alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia jikoni, ambako ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba. Mimi nikaingia sebuleni. Tuliishi hivyo kama gari mbili kwenye daraja jembamba, moja ikingoja nyingine, na hatukugongana hata siku moja.

Ijumaa ile nilirudi mapema. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nimefungua mizani ya mteja, nikaifunga, nikagundua nimesahau kipande kimoja mezani, nikaifungua tena. Nilipoona mikono yangu haisikii, nilifunga karakana nikapanda baiskeli. Getini nikakohoa. Nikasikia mlango wa nyuma, kisha sauti ya mama mkwe kutoka nyuma ya mabati.

"Baba, ni wewe?"

Hiyo haikuwa kawaida. Hatukuwa na desturi ya kuongea moja kwa moja. Nilisimama uani, nikageuzia uso wangu kwenye kamba ya nguo.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Simu ya mama watoto imebaki hapa kwa chaja. Imelia. Nimeshika."

"Ni nani?"

"Watu wa hospitali. Msichana."

"Amesema nini?"

"Amesema hakuna kitu."

Nilisubiri maneno mengine yafuate. Hayakufuata. Ndani ya mabati nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Mama, hakuna kitu gani?"

"Hakuna kitu tu."

"Majibu ndiyo hakuna, ama ugonjwa ndio hakuna?"

"Sasa baba," alisema, na nilisikia kwamba ananionea huruma, "kitu kikiwa hakuna, si hakuna?"

Kama angekuwa mama yangu ningeingia jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamwangalia machoni na kumuuliza polepole neno kwa neno. Kama angekuwa jirani ningefanya hivyo hivyo. Lakini huyu nilikuwa namuuliza kupitia mabati, nikiwa nimeangalia soksi kwenye kamba, na kumuuliza mkwe swali lile lile mara ya tatu kungekuwa sawa na kumwita mwongo. Nikasema asante. Nikamwomba simu. Aliitoa, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni, akarudi ndani. Nilipoona mkono wake umeondoka ndipo nikaenda kuichukua.

Nilipiga ile namba. Ililia hadi ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea mwanamume aliyesema hiyo ni simu ya mapokezi, kwamba watu wa maabara wameshatoka, na kwamba hawezi kujua nani alimpigia nani. Jumatatu, alisema. Kujeni Jumatatu.

Nilikaa sebuleni nikaigawa ile sentensi. Hakuna kitu: majibu hayajafika, endeleeni kungoja. Hakuna kitu: tumeangalia, hamna ugonjwa, furahini. Nilijaribu kusikia jinsi msichana wa maabara angesema kila moja. Nani hupiga simu kueleza kwamba hana la kueleza? Hilo lilinipa matumaini. Lakini pia nani hutoa majibu ya namna hiyo kwa mtu asiyemjua, bila hata kuuliza ni nani ameshika simu? Hilo liliyaondoa. Nilikuwa kama mshale wa mizani iliyowekewa mzigo kwa pupa, unaokwenda kulia na kushoto na hausomeki.

Nilikusudia kutosema chochote hadi Jumatatu. Mpango huo haukudumu. Mke wangu aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu alisikia mama yake jikoni, na kabla sijasimama nilisikia kigelegele. Kimoja tu, kifupi, kwa sababu ya majirani. Akaja sebuleni akiwa bado na chaki kwenye vidole, akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Umesikia? Hakuna kitu!"

"Nimesikia."

"Basi mbona uko hivyo?"

"Niko vipi?"

"Kama mtu ameambiwa alipe ushuru." Akacheka, akarudi jikoni, na jioni ile tulikula kuku aliyetoka Bungoma. Nilikula sebuleni peke yangu. Wao walikula jikoni, wakicheka kwa lugha yetu, na mke wangu alikuwa anaimba sehemu yake ya sauti ya pili. Ile sauti ilikuwa imekuwa nzito wiki hizo. Nilisikiliza kama bado ni nzito. Sikuweza kuamua.

Kesho yake nilikwenda Yamumbi kutengeneza mizani ya mnunuzi wa mahindi. Ni mteja wangu wa miaka mingi, Mkalenjin mrefu, mwenye maneno. Msimu ulikuwa umeanza, magunia yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, na wakulima walikuwa wamekaa juu yake wakingoja. Nilirekebisha springi, nikaweka mawe yangu ya kupimia, nikasimama kuangalia mshale.

"Fundi," mteja alisema, "hiyo imetulia kitambo."

"Bado inatetemeka."

"Wewe ndiye unatetemeka. Leo unaangalia mizani kama inakudai."

Wakulima wakacheka. Mzee mmoja akasema labda fundi ameona kile mnunuzi huwa anatuibia, wakacheka zaidi, na mnunuzi akaapa kwa jina la mama yake. Nilifunga vifaa vyangu. Ni kweli mshale ulikuwa umetulia. Sikuwa nimeuona.

Jioni mke wangu alikuwa mezani, anakatakata mboga ya sukuma kwa ajili ya Jumapili. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na ng'ambo yake jiko lilikuwa linatoa moshi.

"Kesho nitatoa ushuhuda," alisema.

Nilijua litakuja. Kanisani kwetu kuna wakati wa shukrani, na yeye hajawahi kusimama tangu mtoto wetu wa mwisho, ambaye sasa yuko shule ya bweni na wenzake, apone nimonia.

"Ngoja Jumatatu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Hatujui mama alisikia nini."

"Alisikia hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani?"

Aliweka kisu chini. "Wewe unataka kuwe na kitu?"

"Sijasema hivyo."

"Kila mtu akifurahi, wewe unatafuta kosa. Unanipima kama gunia. Lazima mshale utulie ndio uniambie niko mzima."

"Na ukisimama mbele ya watu, halafu Jumatatu waseme majibu hayajatoka?"

"Nitangoja. Lakini nitakuwa nimelala siku mbili nikiwa mzima. Kwani hizo siku mbili utanipa wewe?"

Nilikuwa nafikiri juu ya wanakwaya, juu ya wale ambao wangemkumbatia, na juu ya jinsi ambavyo angelazimika kuwaeleza wote, mmoja mmoja, iwapo habari ingegeuka. Hilo ndilo nililotaka kumkinga nalo. Lakini lilipotoka mdomoni lilikuwa limegeuka kuwa kitu kingine, na yeye alikuwa anafuta macho kwa nyuma ya mkono, kwa sababu kiganja kilikuwa na maji ya mboga.

Ndipo mama mkwe aliposema kutoka jikoni. Hakupaza sauti sana.

"Nyinyi wawili. Mimi ndiye nilishika hiyo simu."

Mke wangu akageukia mlango wa nyuma.

"Yule msichana alikuwa anaongea mbio kama anafukuzwa. Kizungu kinaingia, Kiswahili kinatoka. Na redio ya jirani iko juu. Mimi nilishika hayo mawili peke yake. Nikashika yale nilitaka."

Mke wangu alisema, "Mama."

"Usiniite mama sasa. Nilikuwa naona aibu kusema. Mkwe ananiuliza hakuna kitu gani, hakuna kitu gani, na mimi sijui. Nitamwambia aje sijui, na simu nimeshika na mkono yangu?" Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa. "Kesho usisimame. Ushuhuda si sukuma, hautaoza."

Mke wangu alicheka huku bado analia, akachukua kisu.

Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani, nilikuwa nimekaa upande wa wanaume, nyuma, mahali ninapoweza kuwaona wote wawili bila kumkabili mama mkwe. Nilimwona mke wangu akisogea mbele ya kiti. Nilimwona mama yake akichukua mkoba wake mkubwa na kuuweka juu ya mapaja ya binti yake, polepole, kama mtu anayemwomba mwenzake amshikie mzigo kidogo. Akasimama mtu mwingine, akashukuru kwa sababu ng'ombe wake aliyepotea amepatikana karibu na kiwanja cha ndege. Tulipiga makofi.

Jumatatu tulikuwa kwenye dirisha la maabara kabla halijafunguliwa. Msichana aliyefungua alikuwa na uso mchanga na sweta ya shule iliyotolewa nembo. Nikamweleza. Akatafuta kwenye kompyuta.

"Ni mimi nilipiga," alisema. "Niliongea na mama fulani. Nikamwambia kwa sampuli hakuna kitu."

"Kwa sampuli," nikasema.

"Eeh. Ilikuwa damu tu. Daktari hakupata seli za kutosha kusema chochote. Nilimwambia mgonjwa arudi achomwe tena. Hakuwaambia?"

Nilikuwa nimeigawa ile sentensi pande mbili na kuziangalia kwa siku tatu. Sikufikiria kwamba ina upande wa tatu: kwamba waliangalia kwenye kioo na kioo kilikuwa kitupu, na kwamba wao, pamoja na mashine zao zote, walijua kile tulichojua sisi. Nilisimama dirishani nikiona aibu, ingawa hakuna aliyenilaumu. Nadhani ilikuwa aibu ya kazi. Kabla ya kusoma mizani, unatazama kwanza kama kuna mzigo juu yake.

Mke wangu alikuwa ameshika ukingo wa dirisha.

"Kwa hivyo mimi si mzima na si mgonjwa," alisema.

"Uko vile ulikuwa kabla ya simu."

"Asante, fundi." Lakini alinishika mkono, na hakuuachilia hadi tulipofika nje. Hapo alikaa kwenye ukuta mfupi wa maua, akigusa shingo. Nilimuuliza kama anataka chai. Akasema anataka kwaya isimuulize chochote. Nikamwambia hawajui kitu cha kuuliza. Akaitikia kwa kichwa. Hakusema mama yake ndiye aliyemwokoa, wala mimi sikusema.

Walimchoma mara ya pili, safari hii wakiongozwa na mashine ya picha ili sindano iingie panapotakiwa. Halafu tukaanza kungoja upya, na ngojangoja hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na ujinga ndani yake. Sasa tulijua kwamba simu inaweza kulia na bado isilete kitu.

Sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilifungua mizani yangu mwenyewe ya karakana, ambayo haikuwa na kasoro, nikasafisha kila kipande kwa mafuta ya taa, nikairudisha. Nilitoka kazini saa ambazo si za kutoka. Nilikohoa getini asubuhi, nikakohoa mchana, nikarudi kuchukua kitu ambacho sikukihitaji na kukohoa tena. Mama mkwe aliingia na kutoka jikoni kama mtu anayekwepa mvua.

"Hicho kikohozi chako," mke wangu aliniambia, "kitapelekwa maabara pia."

Mama mkwe naye hakuwa na utulivu. Alifagia uani hadi akafikia udongo mwekundu. Alipomaliza wa kwetu alifagia wa jirani. Na kuna jambo jingine lililobadilika: alianza kuniongelesha. Tangu siku ile ya simu, mabati yalikuwa kama yametobolewa. Nikiwa sebuleni karibu na mlango wa nyuma, yeye jikoni, alikuwa anauliza.

"Baba, hicho kitabu chako kinasema nini leo?"

"Kinasema kile kile cha jana, mama."

"Soma tena."

Nilikuwa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kumweleza kwa Kiswahili. Nilimweleza tezi ni nini, kazi yake, kwa nini watu wengine huvimba shingo. Akaniambia kwamba bibi yake alikuwa na shingo kubwa na aliishi hadi meno yote yakaisha. Nilimwambia hilo ni jambo zuri kujua. Nikamsomea kwamba uvimbe mwingi si wa hatari.

"Mwingi ni ngapi?" aliuliza.

Nilifunga kitabu. Nikamwambia hata mimi nimekwama hapo hapo.

"Basi tumekwama wawili," alisema, na nikasikia anageuza kuni.

Simu ilikuja mke wangu akiwa nyumbani. Aliiweka kwenye spika ili sote tusikie, mimi sebuleni, mama jikoni, yeye kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma katikati yetu. Ilikuwa sauti ya yule msichana, polepole zaidi mara hii. Majibu iko tayari. Daktari atakuona kesho asubuhi. Kuja na mtu mmoja wa familia.

"Mtu mmoja?" mke wangu aliuliza.

"Ofisi ni ndogo, madam."

Alikata simu. Nilijua wanachosema watu kuhusu kuambiwa uje na mtu: kwamba habari ni mbaya. Nilijua pia kwamba huenda wanamwambia kila mgonjwa hivyo. Nilianza kuyapima maneno hayo, nikajikuta nafanya kosa lile lile, nikaacha.

"Ni nani atakuja?" mke wangu aliuliza, akiangalia mbele, si kwangu wala kwa mama yake. "Nyinyi amueni."

Hatukuamua. Kesho yake tulikwenda wote watatu. Kutoka barabarani hadi jengo la kliniki mimi nilitangulia, mama mkwe akawa nyuma kabisa, na mke wangu katikati, akitembea taratibu ili asimwache mmoja wala kumkanyaga mwingine. Kwenye ukumbi wa kungojea kulikuwa na mabenchi mawili yanayopakana. Mimi nikakaa moja, mama akakaa la pili, mgongo kwa mgongo. Mke wangu alisimama.

Mlango wa daktari ulikuwa wazi mgonjwa wa kabla yetu alipotoka. Niliona meza, kabati, na viti viwili. Daktari, mwanamke wa makamo, alikuwa anapanga karatasi.

Nilikuwa nimejiandaa. Maswali yangu nilikuwa nayo kichwani kwa mpangilio, na nilijua kwamba nikikaa kwenye kile kiti nitayauliza yote na sitatoka na neno lenye pande mbili. Nilitaka kile kiti kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huo. Lakini nilisikia nyuma yangu mkoba ukifunguliwa na kufungwa, ukifunguliwa na kufungwa. Nikakumbuka kwamba yeye alimjua mke wangu wakati shingo yake ilikuwa haijaweza hata kubeba kichwa.

"Mwambie mama aingie," nikamwambia mke wangu.

Alinitazama. "Na maswali yako?"

Mama mkwe alijibu kabla yangu, akizungumza na ukuta. "Aniambie hayo maswali. Nitayabeba."

Basi nikamwambia, tukiwa tumepeana migongo, watu wa mabenchi mengine wakitusikiliza bila kujificha. Aulize kama safari hii walipata seli. Aulize kama walipopata waliona ugonjwa mbaya au hawakuuona. Aulize nini kinafuata. Aliyarudia, akakosea la kwanza, nikamrekebisha, akarudia sawa. Mzee mmoja aliyekuwa na bandeji ya jicho akasema, "Huyo mama atapita mtihani." Wakaitwa. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Nilisimama, nikakaa. Nikasoma bango la kunawa mikono. Nikaenda hadi mwisho wa ukumbi ambapo kuna dirisha linaloangalia maegesho, nikarudi. Mzee wa bandeji aliniambia nikae, nitachimba shimo. Nikamwambia sawa, sikukaa. Kupitia mlango nilisikia sauti ya daktari, kisha ya mama mkwe, kisha ya daktari tena, ikisema kitu kilekile kwa uzito uleule. Sikuweza kuchukua neno hata moja. Wakati huo ningekubali hata mawili.

Mlango ulifunguka. Alitoka mama mkwe peke yake. Nikageukia dirisha haraka, kama inavyostahili, nikasikia hatua zake zikija na kusimama umbali wa heshima.

"Baba."

"Naam, mama."

"Yeye bado anaandikiwa tarehe. Mimi nimetoka kwa sababu najua unazunguka."

"Naam."

"Nyama ya kuangalia safari hii walipata. Ya kutosha." Alisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Waliangalia. Ugonjwa mbaya hawakuona. Ni uvimbe wa tezi, huu wa kawaida. Arudi baada ya miezi sita waangalie tena, na ikikua kabla ya hapo arudi mbio."

Niliegemea kizingiti cha dirisha. Nje kulikuwa na mtu anayefuta kioo cha gari kwa gazeti, na nilimwangalia kana kwamba kazi yake inanihusu.

"Mama," nikasema, "daktari mwenyewe alisema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Nilijua utauliza. Nimemwambia aseme mara mbili."

Mzee wa bandeji alicheka kwa sauti, na hata mama mkwe alicheka, kicheko kifupi cha puani ambacho nilikuwa nimekisikia kutoka kwa binti yake kwa miaka mingi bila kujua kinatoka wapi.

Mke wangu akatoka na kadi ya tarehe. Hakupiga kigelegele. Alitutazama sisi wawili, mimi nikiwa nimeangalia dirisha na mama yake ameangalia bango la kunawa mikono, akatikisa kichwa. Miezi sita si jibu la milele, na mimi tayari nilikuwa nimeanza kufikiria maana ya "ikikua", inapimwaje, na kwa kipimo gani. Nilisema nitapima kwa kamba, kila mwisho wa mwezi. Akasema nijaribu nione.

Tuliondoka kwa utaratibu ule ule, mimi mbele, mama nyuma, yeye katikati. Getini alinunua mahindi ya kuchoma, akayakata vipande vitatu. Kimoja akanipa kwa mbele, kingine akampa mama yake kwa nyuma. Chake alikula akitembea, na sikugeuka kumwangalia shingo alipomeza.